Fundi wa Kijijini: Mshale wa Pikipiki Kuukuu

Katika vijiji vya Dodoma na Singida bado utaziona pikipiki za zamani. Nyingine ni Honda, Yamaha na Suzuki za miaka ya 1970 na 1980. Zamani zilipandwa na mabwana shamba, mabwana mifugo na waganga. Baadaye ziliuzwa, zikapita mikono mingi. Injini bado inanguruma. Breki bado zinashika. Lakini itazame saa yake pale juu ya taa. Kioo kimekuwa cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mshale umelala kwenye sifuri. Waya umekatwa na kufungwa kwa kipande cha mpira.

Ukimwuliza mwenyewe, atakujibu: "Hiyo ilikufa zamani. Mimi mwendo naujua kwa masikio." Masikio ni kitu kizuri, lakini hayajui kuhesabu kilomita. Tena mara nyingi saa hiyo haikufa. Imekosa tu mtu wa kuichunguza kwa utaratibu.

Chombo hiki wengine hukiita saa, wengine mita, wengine spidomita. Leo tutakiita kipima mwendo. Kina kazi mbili. Mshale unaonyesha unakwenda kasi gani sasa hivi. Tarakimu zinazozunguka zinahesabu kilomita zote ambazo pikipiki imekwenda tangu ilipotoka kiwandani.

NDANI MNA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba mshale unainuliwa na umeme wa betri. Sivyo. Katika pikipiki hizi za zamani, betri inawasha balbu ya saa tu.

Kazi inaanzia kwenye gurudumu la mbele. Katikati ya gurudumu, karibu na breki, kuna gia ndogo. Gurudumu likizunguka, gia inauzungusha waya mwembamba uliomo ndani ya mpira mrefu mweusi. Waya huo unapanda mpaka kwenye saa. Huko juu unazungusha sumaku. Sumaku imezungukwa na kikombe kidogo cha alumini, na mshale umeshikwa na kikombe hicho.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Sumaku haikigusi kikombe. Na alumini haivutwi na sumaku. Chukua sumaku ya redio mbovu, iweke kwenye sufuria ya alumini. Haishiki. Lakini sumaku ikizunguka kwa kasi karibu na alumini, inazaa umeme mdogo sana ndani ya alumini hiyo. Umeme huo unakifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Hapo springi moja nyembamba kama unywele inakizuia. Sumaku inavuta huku, springi inavuta kule. Ukiongeza mwendo, sumaku inazidi nguvu, na mshale unapanda. Ukipunguza, springi inashinda, na mshale unashuka.

Aliyepata hati ya uvumbuzi huu ni Otto Schulze wa mji wa Strasbourg, mwaka 1902. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Leo uko Ufaransa. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na pikipiki nyingi za bei nafuu bado zinatumia njia ile ile.

ANZIA CHINI, SI JUU

Mafundi wengine hukimbilia kufungua saa. Hiyo ni sawa na kumpasua mtu tumbo kabla ya kumwuliza amekula nini. Anzia kwenye gurudumu.

Fungua nati inayoshika waya chini ya saa, uuchomoe waya. Inua gurudumu la mbele mpaka lisiguse ardhi. Weka kigogo imara chini ya injini ili pikipiki isianguke. Sasa lizungushe gurudumu kwa mkono, kuelekea mbele, huku mwenzako akitazama ncha ya waya. Je, ncha inazunguka? Kama inazunguka vizuri bila kukwama, ubovu uko ndani ya saa. Kama haizunguki, saa yako huenda ni nzima kabisa.

Ncha isipozunguka, uvute waya wa ndani wote nje. Huenda umekatika. Huenda ncha zake za pembe nne zimelika zikawa mviringo, kwa hiyo hazishiki tena. Waya mpya haugharimu fedha nyingi kama saa mpya. Unaponunua, nenda na ule wa zamani ukaulinganishe urefu na ncha zote mbili.

Waya ukiwa mzima, tazama gia kwenye gurudumu. Humo mna kipande cha bati cha mviringo chenye masikio mawili. Masikio hayo lazima yaingie kwenye nafasi zake katika gurudumu. Mara nyingi ubovu unaanzia hapa. Mtu ametoa gurudumu kuziba pancha, kisha amelirudisha haraka na kukaza nati kwa nguvu. Masikio yamepondeka. Tangu siku ile mshale haukuinuka tena, na lawama zikaangukia saa.

Safisha gia kwa mafuta ya taa, ikauke, kisha uitie grisi kiasi. Angalia sana grisi isifike kwenye breki.

Waya nao unataka grisi, lakini kidogo. Upake upande wa chini na katikati. Sehemu ya juu, urefu wa shubiri moja, iache bila grisi. Sababu ni kwamba waya unapozunguka, grisi hupanda juu kidogo kidogo mpaka ikaingia kwenye saa. Ikifika kwenye sumaku na kikombe, vitu viwili ambavyo havitakiwi kugusana vinashikana. Hapo utaona mshale unaruka mpaka mwisho wa namba, ingawa unakwenda polepole. Mshale unaotetemeka na kurukaruka una maana nyingine. Kwa kawaida waya umekauka au umepinda.

Mshale unaweza kufanya kazi na tarakimu zisisogee. Hapo ujue kwamba gia ndogo za plastiki ndani ya saa zimelika meno. Au tarakimu zinasogea na mshale umelala. Hapo gurudumu na waya ni vizima, na shida iko kwenye kikombe, springi au mshale wenyewe.

KUFUNGUA SAA

Kazi hii ifanyie ndani ya nyumba. Usiifanyie chini ya mbuyu. Upepo wetu wa kiangazi hauna huruma, na vumbi jekundu la Dodoma ndilo lililoiharibu saa hiyo tangu mwanzo. Tandika kitambaa cheupe ili skrubu ndogo zisipotee.

Saa nyingine zina skrubu kwa nyuma. Nyingine zimefungwa kwa ukingo wa bati uliokunjwa. Ukingo huo uinue polepole kwa bisibisi ndogo butu, kidogo hapa, kidogo pale, ukizunguka. Ukiukunjua kwa nguvu mahali pamoja utapasuka.

Kabla ya kugusa kitu chochote, chora kwenye karatasi mahali mshale unapolala. Usiusukume mshale kwa kidole. Usiiguse springi ile nyembamba. Ikipinda, basi, mshale hautasema kweli tena. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie maji. Usitumie petroli pia, kwa kuwa petroli hufuta namba zilizochapwa na kuharibu kioo cha plastiki. Kioo cha plastiki kilichochubuka kisugue kwa kitambaa laini na dawa ya meno. Sugua kwa saburi. Utashangaa.

Jua letu hupausha rangi nyekundu ya mshale. Unaweza kuupaka tena, lakini rangi iwe nyepesi sana. Rangi nzito inauongezea mshale uzito, nao utapoteza mizani yake. Unapofunga, hakikisha mpira wa kuzuia vumbi umekaa vizuri. Mpira uliopasuka ubadilishwe.

RANGI YA HATARI

Hapa naomba msome polepole. Yote niliyoeleza juu ya kufungua saa yanahusu pikipiki za miaka ya 1970 na kuendelea. Zipo nyingine kuukuu zaidi, kama BSA za Uingereza. Baadhi ya saa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 hivi zilipakwa rangi ya kung'aa gizani kwenye namba na mshale. Rangi hiyo ilichanganywa na radiamu.

Radiamu inatoa mionzi. Wenzetu wa Bahi na Manyoni wamekwisha kusikia habari za madini ya urani katika ardhi yao. Radiamu hupatikana katika madini hayo hayo. Huko Marekani, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, wasichana waliajiriwa kuanzia mwaka 1917 kupaka rangi hiyo kwenye saa. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua. Mataya yao yalioza, na wengine wakafa. Watano kati yao walishitaki, na mwaka 1928 wakalipwa fidia.

Msidanganyike kwa kuwa saa haing'ai tena. Kinachochakaa ni ile dawa ya kung'aa. Radiamu yenyewe inahitaji miaka 1,600 hivi ili nguvu yake ipungue nusu. Kwa hiyo ukiona saa ya zamani sana yenye namba nene za rangi ya kahawia au manjano chafu, usiifungue. Usiikwangue. Usiipulize vumbi lake. Iache imefungwa na kioo chake, isiwe kitu cha kuchezea watoto. Kazi ya mionzi katika nchi yetu inasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC). Hao ndio wa kuulizwa.

JE, INASEMA KWELI?

Saa ikiisha kurudi mahali pake, ijaribu. Tafuta barabara kuu yenye mawe au vibao vya kilomita, wakati magari ni machache. Mwenzako akae nyuma na saa ya mkono, nyote mkiwa na kofia ngumu. Shika mwendo mmoja, mshale ukae kwenye 50. Mwenzako ahesabu sekunde kutoka jiwe moja hadi jingine. Mkienda kilomita 50 kwa saa, kilomita moja inachukua sekunde 72. Mkienda 40, inachukua sekunde 90. Sekunde zikizidi kidogo si neno, maana viwanda vingi hufanya mshale uonyeshe zaidi kidogo ya mwendo wenyewe. Zikipungua, saa inakudanganya kwa hatari. Kama gurudumu la mbele ni la pikipiki nyingine, la kimo tofauti, saa haiwezi kusema kweli hata ikiwa nzima.

Soma pia herufi zilizoandikwa kwenye uso wa saa. Km/h ni kilomita kwa saa. Mph ni maili kwa saa, na saa nyingi za pikipiki za Uingereza ni za namna hii. Maili moja ni kilomita 1.6. Sheria yetu inakataza kupita kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu. Mtu anayetazama mshale kwenye 50 ya maili anadhani anaitii sheria. Kumbe anakwenda kilomita 80, katikati ya mbuzi na watoto wa shule. Katika saa ya maili, mwisho wako uwe 30.

Mwisho ni zile tarakimu. Pikipiki nyingi kuukuu zina tarakimu tano za kilomita, na pembeni moja ya rangi tofauti. Ile ya rangi tofauti ni sehemu ya kumi ya kilomita. Usiisome pamoja na nyingine. Ukiona 31450 na kisha 7 nyekundu, hiyo si laki tatu. Ni kilomita 31,450 na mita 700. Tena zikifika 99999, tarakimu tano zinarudi kwenye sifuri. Kwa hiyo mtu akikuuzia pikipiki ya mwaka 1980 inayosoma 04512, huenda ni kilomita 104,512. Au waya ulikatika miaka ishirini iliyopita. Kabla ya kutoa fedha, tazama kama waya upo, omba kuiendesha kilomita moja, uone kama tarakimu zinasogea.

Ukiwa nayo tayari, tafuta daftari. Kila unapobadili oili, andika namba unayoisoma. Kama kitabu cha pikipiki yako kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 2,000, na leo saa inasoma 31450, andika chini yake 33450. Tarakimu zikifika hapo, mwaga oili hata kama bado unaiona nzuri.