Simu tumelipa, picha imebaki ndani

Leo hatusemi juu ya bei ya zahabu. Tunasema juu ya simu, kwani simu imekuwa chombo cha kazi sawa na sururu.

Shimo likianguka kule Mongbwalu, ao Nizi, ao Mambasa, kitu cha kwanza tunaulizwa mjini ni: "Picha iko wapi?" Barabara ni mbaya, usalama ni kidogo, mkaguzi wa kazi hafiki siku ile ile. Siku anafika, miti ya kushikilia udongo imekwisha kupangwa upya, kamba mpya imefungwa, na kapita anasema marehemu alikuwa amelewa. Picha iliyopigwa saa ile ndiyo inamjibu kapita.

Basi, picha iko ndani ya simu ya delege wetu. Kuitoa ndiyo kazi. Ana forfe ya bei ndogo, ile mfuko wake unaweza. Forfe ile inafungua WhatsApp na Facebook, basi. Akijaribu kutuma kwa barua pepe, simu inamwambia hana mega. Mega anazo! Ila zimefungiwa mlango mmoja. Na saa sita ya usiku ikifika, hata zile zilizobaki zinakufa. Nani amenunua kilo ya mchele, usiku muuzaji akaja kuchukua mchele uliobaki ndani ya chungu?

Mtasema: atume tu kwa WhatsApp. Anatuma, ndiyo. Lakini wengi hawajui jambo hili: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaikandamiza ili iwe nyepesi, tena inaondoa alama zilizofichwa ndani yake, yaani siku, saa, aina ya simu, na mahali kama simu ilikuwa inayaandika. Picha inafika mjini na ukungu, bila tarehe. Mwanasheria wa upande wa pili anaiangalia, anacheka: "Hili ni shimo gani? La mwaka gani?" Na hapo Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 imekubali maandishi ya elektroniki kuwa ushahidi katika nchi yetu, mradi ijulikane yametoka kwa nani na hayakuguswa. Tutaonesha namna gani kama picha haikuguswa, wakati njia yenyewe ndiyo inaigusa?

Zamani mpiga picha wa pale bulivari alikupa picha pamoja na negativi, mambo yakaisha.

Ugonjwa huu si wa Ituri pekee. Mwaka 2004, huko Marekani, kampuni Verizon ilianza kuuza simu Motorola V710. Ilikuwa na Bluetooth, lakini kampuni ilifunga sehemu ya kupitisha picha kwenda kompyuta. Mwenye kutaka picha yake aipitishe kwa rezo, alipe. Mwaka 2005 wateja walikwenda tribinali, na mwishoni kampuni ikafanya mapatano nao. Wale walikuwa wanalilia picha za watoto na za sikukuu. Sisi tunalilia picha za maiti.

Na kampuni zisituambie kama kufungua ni kazi ngumu. Wakati wa RAM, tangu Septemba 2020, kila simu nchini ilihesabiwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G na 4G, na pesa ilikatwa ndani ya inite zetu bila kubisha hodi. Watu walikasirika, wabunge wakapiga kelele, na mwaka 2022 ikaondolewa. Walioweza kuingia ndani ya simu ya kila mtu kukata pesa wanaweza pia kuacha picha itoke.

Kwa hiyo tunaomba ARPTC, ambayo kazi yake ni kusimamia kampuni hizi, isikubali tena forfe inayouzwa kwa jina la "mega" halafu inachagua mega ziende wapi. Mega iliyolipwa ipite kila njia, na isife kabla mwenyewe hajaitumia. Tena, simu iliyofungwa ikubali kadi ya kampuni moja tu ifunguliwe bure mara imekwisha kulipwa.

Wakati tunangoja, madelege wafanye hivi. Kwenye WhatsApp msibonyeze alama ya picha. Bonyezeni ile ya dokima, mchague picha hapo. Inakula mega zaidi, lakini inafika nzima, na siku yake ndani. Kama mega hazitoshi, pitisheni kwa Bluetooth kwenye simu ya pili kabla ya kutoka kariere, ao muweke ndani ya kadi memori. Simu na kadi zisisafiri na moto moja: vizuizi ni vingi tangu état de siège ya Mei 2021, na tunajua mara ngapi simu inashikwa mkononi mwa mwenyewe na kufutwa. Ya kwanza, ile iliyopigwa pale pale, isifutwe hata kama nafasi ya simu imejaa. Mfute nyimbo.

Na kila mara simu inakataa kutuma, andikeni jina la forfe, siku, saa, na maneno yale simu imesema. Karatasi hizo mtuletee. Tunazikusanya, zitakwenda Kinshasa pamoja na barua.