Mbegu ya Muhogo wa Vuli

Wasomaji wetu, kipupwe kimekwisha kupita, demani imeingia, na karibuni mawingu ya vuli yataanza kujikusanya. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya muhogo, na hasa juu ya mbegu yake, kwani hasara nyingi huanzia hapo wala si kwenye jembe.

Fadhila ya muhogo yajulikana. Mchele ukipanda bei, nyumba hula muhogo. Na mwezi wa Ramadhani, futari isiyo na muhogo wa nazi huonekana ina pengo. Lakini fadhila yake kubwa ni kusubiri. Ukishakomaa hukaa ardhini miezi, na mama wa nyumba huenda akang'oa shina moja kila anapohitaji. Shamba ndilo ghala lake.

Basi subira hiyo ndiyo tunayonyang'anywa na maradhi ya michirizi ya kahawia. Si maradhi mapya: mtaalamu H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliyaeleza mwaka 1936. Batobato ni ya zamani zaidi, lakini hiyo huonekana. Majani hujikunja na kuwa na mabaka, hata mtoto wa chuo aweza kuyatambua. Michirizi ya kahawia ina unafiki. Mti husimama vizuri, majani ya juu ni mabichi, yale ya chini tu yana umanjano kando ya mishipa, na mtu hudhani ni uzee wa jani. Siku ya kung'oa, ukiukata muhogo wakuta madoa ya kahawia, makavu na magumu, usioweza kuliwa wala kuuzwa. Na kadiri unavyokaa ardhini, ndivyo uozo unavyozidi. Kwa hiyo wengi hung'oa mapema, muhogo ungali mdogo, na ghala limekwisha vunjika.

Inzi weupe huyaeneza maradhi haya, lakini hawayafikishi mbali kama mkono wa binadamu. Mbegu ya muhogo ni kipande cha mti wenyewe, na ugonjwa uliomo huhama nao. Desturi yetu ni kumwendea jirani, naye hutoa mzigo bila ya kutaka kitu. Ni desturi njema, wala hatusemi iachwe. Twasema mpokeaji asione haya kuomba jambo moja zaidi: mti utakaokatwa mbegu ung'olewe kwanza, na mihogo yake yote ikatwe na kutazamwa mbele ya wote wawili. Likionekana hata doa moja, mti ule usipandwe. Wako watakaosema kwamba huku ni kumdhania mtu vibaya. Sivyo, anayetuhumiwa ni mti.

Aweza mtu pia kutafuta aina zenye kuvumilia, kama Kiroba kwa upande wa bara, au Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui zilizotolewa Zanzibar mwaka 2007. Tumesema kuvumilia, hazikukingwa kabisa.

Kupanda kwenyewe ni kwepesi. Chukua mti wa miezi 8 hadi 18, sehemu ya kati, kila kipande kiwe kama shibiri na macho yasiyopungua matano, yakielekea juu. Nafasi ni mita moja kila upande, yaani vipande kama 4,000 kwa ekari. Palizi ya miezi mitatu ya mwanzo isikosekane.

Limebaki la muhogo mchungu, nalo ni zito. Vuli huweza kukatika, na ukame huzidisha sumu katika muhogo. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafula. Wakati wa ukame walikuwa wakila muhogo mchungu usiotengenezwa vyema, pasipo kitoweo cha maana. Tarime nako yalitokea mwaka 1985. Umenye, uuroweke siku tatu, kisha uuanike ukauke barabara. Usiuchome wala kuuchemsha tu ukampa mtoto. Na mbegu zake zifungwe mzigo wa peke yake, ziwekwe mbali na za muhogo mtamu, kwani zikishakatwa na kupukutika majani, si rahisi kuzitenga.