Kombe kabatini, madeni mlangoni

Wacha nikuulize swali rahisi. Timu ikishinda ligi leo, kesho yake utaipata wapi? Wengi wenu mtasema iko juu ya basi, inapunga kombe, mji mzima unaimba. Sawa kabisa. Sasa songa mbele miezi michache. Bado iko?

Mwaka 2005, kwenye ligi kuu ya hoki ya barafuni nchini Ufaransa, jibu lilikuwa hapana. Timu ya Mulhouse, maarufu kama Scorpions, ilitwaa ubingwa wa kwanza katika historia yake. Mwaka huo huo klabu ikafilisika. Bingwa wa nchi akatoka kileleni akaanza upya kwenye ligi za chini, na si kwa sababu alipigwa uwanjani. Alipigwa na mahesabu.

Najua unachofikiria. Hoki ya barafuni? Ufaransa? Sisi ambao barafu tunaijua kwa soda na samaki wa sokoni, hiyo inatuhusu nini? Tulia kidogo. Ukimaliza hii stori utaanza kuangalia timu yako, chama chako na hata biashara yako ya mtandaoni kwa jicho lingine.

Kwanza mchezo wenyewe, ili tusiachane njiani. Kila timu ina watu sita kwenye barafu akiwemo kipa. Wamevaa viatu vya vyuma, wana magongo mkononi, wanapigania kisahani kidogo cha raba ngumu. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20. Ligi kuu ya Ufaransa inaitwa Ligue Magnus. Siku hizi ina timu 12, na kila moja hucheza mechi 44 kabla ya mchujo wa kutafuta bingwa. Msimu unaanza Septemba, unamalizika majira ya baridi yakiisha. Ni miezi mingi ya kusafiri, kuumia na kulipa bili.

Na bili ni nyingi. Barafu haijitengenezi. Kuna mitambo ya kuipoza inayokula stima mchana na usiku. Kuna mavazi ya kinga, magongo yanayovunjika kila wiki, mabasi ya kuvuka nchi, na wachezaji wa kulipwa kutoka Kanada, Finland na kwingineko wanaohitaji mshahara na mahali pa kulala. Upande wa pesa zinazoingia, usidhani hii ni kandanda ya Paris. Televisheni hailipi mabilioni. Klabu inategemea tiketi, wadhamini na mkono wa serikali ya mji, ambayo mara nyingi ndiyo mwenye uwanja.

Sasa turudi msimu wa 2004-05, kwa sababu ulikuwa msimu wa ajabu.

Kule Marekani na Kanada, ligi tajiri kuliko zote katika mchezo huu, NHL, haikuchezwa hata mechi moja. Wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji mlango. Walitaka kikomo cha mishahara, wachezaji wakakataa, na Februari 2005 msimu mzima ukafutwa. Mamia ya wachezaji wakatawanyika Ulaya kutafuta mahali pa kucheza. Mmoja wao, Steven Reinprecht wa Calgary, mtu aliyekuwa ameshinda Stanley Cup na Colorado mwaka 2001, akatua Mulhouse.

Hebu fikiria. Mulhouse ni mji wa viwanda mashariki mwa Ufaransa, karibu na mipaka ya Uswisi na Ujerumani, wenye wakazi takriban 110,000. Unaenda uwanjani Jumamosi jioni, unamkuta mtu aliyebeba kombe kubwa kuliko yote ya hoki duniani amevaa jezi ya mtaa wako. Nani hangejaza uwanja? Nani angeuliza habari ya vitabu vya hesabu wakati kama huo?

Simlaumu Reinprecht hata kidogo. Alikuja kucheza, akacheza. Ninachotaka uone ni hiki: mwaka huo huo, matajiri wa NHL walikuwa tayari kupoteza msimu mzima ili wakubaliane kuhusu gharama. Waliporudi, kila timu iliwekewa kikomo cha dola milioni 39 za mishahara kwa msimu wa 2005-06. Wenye pesa walikaa chini na kikokotoo. Klabu ndogo ya Mulhouse ikakaa juu ya kilele cha Ufaransa, halafu kilele kikaporomoka nayo.

Ungedhani ni bahati mbaya ya mara moja. Si hivyo.

Brest, mji wa bandari kwenye pwani ya magharibi, ulikuwa na timu inayoitwa Albatros. Ilichukua ubingwa mwaka 1996, ikarudia 1997. Baada ya taji hilo la pili, ikafilisika. Reims, mji unaojulikana dunia nzima kwa shampeni, ulishinda ligi mwaka 2000 na tena 2002. Baada ya ubingwa huo wa 2002, ule mvinyo wa kusherehekea haukuwa umekauka vizuri, klabu nayo ikazama kwa madeni.

Piga hesabu mwenyewe. Kuanzia msimu uliomalizika 1997 hadi ule wa 2005 ni misimu 9. Katika misimu hiyo, mabingwa 3 walianguka kifedha mara tu baada ya kubeba kombe. Mmoja kati ya kila watatu! Hiyo si ajali tena, ni tabia.

Tabia hiyo inakuja vipi? Ni rahisi kuielewa, kwa sababu tunaiona kila siku. Timu inaanza kushinda. Mashabiki wanataka zaidi. Mwenyekiti anaona kombe liko karibu, anasajili mchezaji mwingine, halafu mwingine. Mishahara inalipwa kila mwezi, lakini pesa za kuilipa zinategemea mambo ambayo bado hayajatokea: kufika fainali, kujaza uwanja, mdhamini kuongeza mkataba, serikali ya mji kutoa msaada mkubwa mwaka ujao. Wazee walituambia tusikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Hawa walikata mbeleko, wakanunua kitanda, wakalipia na shule.

Halafu ushindi wenyewe una gharama yake. Bingwa anadaiwa bonasi. Wachezaji wake wanatakiwa na timu nyingine, kwa hivyo ukitaka wabaki, ongeza mshahara. Ukishika nafasi ya sita hakuna anayekusumbua. Ukishika ya kwanza, kila mtu anakuja na ankara mkononi.

Na hata ukipanga vizuri, dunia haina adabu. Machi 2020, Ligue Magnus ilikuwa katikati ya mchujo korona ilipoingia. Msimu ukafungwa, hakuna bingwa aliyetajwa. Mchujo ndio wakati viwanja hujaa na tiketi huuzika. Klabu iliyokuwa imeweka pesa za fainali kwenye bajeti kama pesa za uhakika ilibaki na nini? Viti vitupu.

Kuna watu watanipinga hapa, na hoja yao si ya kijinga. Watasema: bora timu iliyoshinda mara moja ikafa kuliko ile inayoishi miaka 50 bila kombe. Kule Mulhouse ubingwa wa 2005 hauwezi kufutwa. Jina liko kwenye orodha. Mtu aliyekuwa uwanjani usiku ule atawasimulia wajukuu. Raha kama hiyo unainunua kwa bei gani?

Naielewa hiyo hisia. Ila jiulize nani analipa bei hiyo. Klabu ikifilisika, anayeumia si mwenyekiti aliyepiga picha na kombe. Ni mfanyakazi wa ofisi anayedai mshahara. Ni mwenye basi aliyekopesha safari. Ni mkazi wa mji ambaye kodi yake ilienda kwenye ruzuku. Ni kijana wa miaka 17 aliyekuwa akifanya mazoezi alfajiri akitegemea kupanda hadi timu kubwa, halafu timu kubwa ikapotea juu ya kichwa chake. Mulhouse walirudi ligi kuu, ndiyo, lakini ilikuwa msimu wa 2017-18. Hiyo ni miaka 12. Kijana wa miaka 17 amefika 29. Msimu wake umepita.

Wafaransa walijifunza. Mwaka 2006 hoki ilipata shirikisho lake lenyewe, baada ya miaka mingi ya kuwekwa kapu moja na michezo mingine ya barafuni. Shirikisho hilo lina kamati ya kitaifa inayokagua hesabu za klabu. Unapeleka bajeti, unaonyesha pesa zinatoka wapi, unaonyesha madeni. Usipoeleweka unaweza kuadhibiwa, hata kushushwa daraja, bila kujali ulifunga mabao mangapi. Yaani kuna jedwali la pointi ambalo wote tunaliona, na kuna jedwali la pili ambalo liko kwenye faili. Ukifeli lile la pili, la kwanza halikuokoi.

Wapo wanaolalamika kwamba ukaguzi wa aina hiyo unaua ndoto za timu ndogo. Mimi naona kinyume. Angalia Gap, mji wa watu kama 40,000 kwenye milima ya Alps. Walishinda ligi mwaka 2015, wakashinda tena 2017, wakati wakaguzi wapo kazini. Angalia Rouen. Mji wenyewe bila viunga vyake unalingana na Mulhouse kwa idadi ya watu, lakini tangu taji lao la kwanza mwaka 1990 wamebeba zaidi ya 15. Huwezi kushinda mara 15 kama haupo. Kuwepo ndiyo kazi ya kwanza, na kuwepo hakupigiwi makofi.

Sasa, nilikuambia stori hii inakuhusu. Ligi hii inabeba jina la Louis Magnus, Mfaransa aliyeanzisha shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni jijini Paris mwaka 1908 na kuwa rais wake wa kwanza. Shirikisho hilo hilo, mwezi Septemba 2024, liliipokea Kenya kama mwanachama mshiriki. Ndiyo, Kenya hii hii. Vijana wa Kenya Ice Lions wamekuwa wakiteleza kwa miaka kwenye uwanja mdogo wa barafu ulioko hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uwanja usiofikia hata kipimo cha kimataifa. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Hadithi yao imezunguka dunia.

Ndiyo maana nasema huu ndio wakati wa kuiangalia Mulhouse vizuri. Uanachama utaleta macho, macho yataleta wadhamini, wadhamini wataleta pesa, na pesa italeta watu wenye suti na maneno matamu. Mtu atakuja na wazo la kusajili staa kutoka nje. Mwingine atataka jezi mpya na sherehe kubwa. Hapo ndipo mtu mmoja anafaa kuinua mkono na kuuliza maswali yanayoboa: Nani anaweka vitabu? Nani anavikagua? Mdhamini akitoka kesho, barafu italipiwa na nani? Watoto wa mazoezi ya Jumamosi wana fungu lao, au wanabaki na makombo ya timu kubwa?

Huyo mtu mara nyingi ataitwa mchawi wa furaha. Ataambiwa hana imani na timu. Mwacheni aulize. Mashabiki wa Mulhouse wangefaidika sana kuwa naye mwaka 2005, na wa Reims mwaka 2002, na wa Brest mwaka 1997.

Na usingoje hoki. Kama uko kwenye timu ya mtaa, kikundi cha densi au kampuni ndogo ya marafiki watatu na simu mbili, omba kuona daftari wiki hii, mambo yakiwa bado matamu. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukijibiwa kwa hasira, tayari umepata habari yako.