Chopa haiitwi kama bodaboda

Chopa inatua uwanja wa shule, vumbi kila mahali, watoto wanakimbia. Mheshimiwa anashuka na kusema, "Nilikuwa tu napita nikaamua niwasalimie." Tunapiga makofi. Wasee, hebu tufikirie kidogo.

Ndege ndogo ya kukodi pale Wilson, Nairobi, inaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Kama ipo, rubani yuko na unaenda humu humu nchini, saa chache zinatosha. Shida ni kwamba viwanja vingi vya mashinani havina taa, kwa hivyo lazima utue kabla ya giza. Hapo hata uwe na pesa aje, jua halikungoji.

Ukivuka mpaka, hesabu inabadilika. Nchi utakazopitia angani zinataka vibali, unakotua pia. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na kuna ofisi zinazofungwa wikendi.

Mei 2024 Rais Ruto alienda Marekani kwa ndege ya kukodi. Tulibishana kuhusu bei hadi akasema haikufika shilingi milioni 10. Bei ni muhimu, sikatai. Lakini swali la tarehe lilitupita: iliagizwa lini, na nani aliiagiza? Safari kama hiyo huacha makaratasi, na makaratasi yana tarehe.

Sasa tuangalie uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Chopa nchini si nyingi, na kila mgombea mwenye doo anazitaka wiki zile zile za mwisho. Anayejipanga hangoji wiki hizo. Anaweka nafasi mapema na kulipa amana, miezi mingi kabla ya kampeni kufunguliwa rasmi. Ina maana kuna mtu tayari ametoa pesa, na mtu huyo atataka kurudishiwa. Kwa kandarasi? Kwa cheo? Sisi ndio tutalipa.

Kenya ina sheria ya fedha za kampeni tangu 2013, lakini 2022 tulipiga kura bila vikomo vya matumizi kutekelezwa. Tusiposukuma sasa, 2027 itakuwa vivyo hivyo.

Kwa hivyo chopa ikitua kwenu, piga picha kama unataka. Halafu muulize mheshimiwa maswali mawili: uliikodi lini, na nani alilipa amana? Akijibu kwamba alikuwa tu anapita, ujue umejibiwa.