Makanisa, Sadaka na Deni la Taifa

Kila nisikiapo kwamba kanisa fulani limeungana na shirika la misaada kuwagawia wenye njaa unga, mimi hushukuru kwanza, kisha huuliza swali ambalo aghalabu huwakera walionialika: ni nani aliyechunguza kwa nini unga huo ulikosekana?

Swali hilo nililipata darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali yetu, kwa shinikizo la Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani, iliwatwika wazazi sehemu kubwa ya gharama za elimu na matibabu. Nilikuwa mwalimu chipukizi. Kila Jumatatu tulisoma majina ya waliodaiwa, na watoto waliowashinda wenzao katika hesabu wakafunga vitabu wakarudi nyumbani. Kanisa jirani liliwalipia watano au sita. Wema huo siudharau hata kidogo, lakini waliosomwa majina walizidi arobaini.

Aliyeliona pengo hilo mapema alikuwa mwalimu pia. Martin Dent alifundisha siasa katika Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, baada ya kutumika Nigeria enzi za ukoloni. Aliikumbuka sheria ya Mambo ya Walawi, sura ya 25, iliyoamuru kwamba kila mwaka wa hamsini watumwa waachiliwe huru na ardhi irejee kwa wenyewe. Kwa nini, basi, madeni ya mataifa fukara yasifutwe ifikapo mwaka 2000? Alianza na wanafunzi wake, kisha akashirikiana na Bill Peters, balozi mstaafu. Christian Aid, CAFOD na Tearfund, mashirika ya misaada yenye mizizi katika madhehebu yasiyopatana kwa mengi, yakaliunga mkono wazo hilo.

Tarehe 16 Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzingira mji wa Birmingham, ambako wakuu wa mataifa manane tajiri walikuwa na mkutano. Wakuu hao, kwa hakika, walikuwa wamekwenda kujipumzisha mashambani siku hiyo! Hata hivyo Waziri Mkuu Tony Blair alirudi mjini kuwasikiliza. Mwaka uliofuata, huko Cologne, mpango wa kupunguza madeni ulipanuliwa.

Matunda yake yalifika hapa jirani. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kunufaika, mwaka 1998, na fedha zilizookolewa zikaelekezwa kwa kiasi kikubwa katika shule za msingi, huku raia waliojiunga katika Uganda Debt Network wakifuatilia zilivyotumiwa. Tanzania ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2001, mwaka uo huo ilipokamilisha masharti ya msamaha. Nasi je? Deni la Kenya lilipimwa likaonekana la kuvumilika, na kwa hiyo tukaahirishiwa malipo tu, mwaka 2000 na 2004. Karo tuliifuta wenyewe Januari 2003, nao watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika madarasani, wengine wakaketi sakafuni.

Mwito wa yubile umerudi tena. Papa Francis aliutoa mwaka 2024 alipotangaza Mwaka Mtakatifu wa 2025, na Caritas ikaanzisha kampeni ya kufutwa madeni. Nauunga mkono, lakini nahofia kwamba tunapigana vita vya jana. Mdai wa 1998 aghalabu alikuwa serikali, na serikali huogopa kura. Leo sehemu kubwa ya madeni imo mikononi mwa wanunuzi wa hatifungani, ambao hakuna muumini awezaye kuwaandikia barua kama amwandikiavyo mbunge wake. Zambia ilipoomba kuahirishiwa riba mwaka 2020, walikataa. Suluhu nao haikupatikana hadi 2024. Hatifungani hizo kwa kawaida hufuata sheria za Uingereza au za New York. Basi makanisa ya huko yanayotupenda yaende kwenye mabunge yao. Mwaka 2010 Bunge la Uingereza liliweka kikomo cha kiasi ambacho wadai wangeweza kudai mahakamani kwa madeni ya zamani ya nchi fukara. Madeni mapya hayakuguswa.

Makanisa ya hapa yana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mkopaji huketi nao katika kiti cha mbele Jumapili. Deni letu lilikuwa limepita shilingi trilioni 10 kufikia Juni 2024, mwezi ambao vijana waliuawa wakipinga kodi mpya. Novemba ya mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango wa Rais na kuagiza urejeshwe. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia harambee yoyote. Asiyepokea bahasha anaweza kudai aonyeshwe mikataba ya mikopo kabla haijatiwa sahihi. Mkataba wa mkopo wa reli mpya ulitiwa sahihi mwaka 2014. Wananchi walionyeshwa sehemu yake Novemba 2022. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na umri wa miaka minane, yumo darasani, na jina lake limo miongoni mwa watakaoulipa.