MASTAA, ACHENI KUTUGAWIA VYUMBA AMBAVYO SI VYENU! SALIO LA OFA SIYO HELA

Wadau wangu wa Moshi na kwingineko, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho ndo mnitukane.

Mmeona wenyewe. Ikikaribia Desemba tu, mastaa wetu wanageuka mawakala wa hoteli. Yule dada wa kucha ndefu ambaye kila wiki yuko kwenye bwawa jipya la kuogelea. Yule kaka mchekeshaji ambaye siku hizi hachekeshi tena, anatangaza tu. Na wale wapenzi wawili wanaoachana kila mwezi wa sita na kurudiana kila mwezi wa kumi na mbili. Wanapanda Materuni, picha kwenye maporomoko, kikombe cha kahawa mkononi, na maneno ni yale yale: "Ingiza namba yangu ya ofa upate salio la elfu 50, lala hotelini bure, Krismasi tunakula bata nyumbani!" Majina sitaji. Mnawajua, na mimi sina hela ya wakili.

Nasema hivi: salio la ofa siyo hela. Wanaojua hilo vizuri kuliko wote ni hao hao wanaotugawia, maana wao hawalipwi kwa salio. Wao wanalipwa hela.

Hili wala halihitaji shule. Sote tumewahi kupewa dakika za bonasi kwenye simu. Unaambiwa una dakika 100, ukitaka kumpigia mama yuko mtandao mwingine, haiwezekani. Ukisema utazitumia kesho, zimeisha saa sita usiku. Salio la hoteli ni ndugu yake wa tumbo moja. Linaonekana kwenye skrini kama hela, limeandikwa kwa shilingi au dola, lakini huwezi kulitoa, huwezi kumtumia mtu, na aliyekupa anaweza kulifuta kwa sharti ambalo hukulisoma.

Hela yako iliyoko M-Pesa au mtandao mwingine wowote ina ulinzi. Kampuni inatakiwa iweke fedha za wateja benki kwenye akaunti maalumu ya dhamana, na Benki Kuu inasimamia, tangu sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015. Salio la ofa halina akaunti ya dhamana popote. Ni ahadi tu ya mtu ambaye hata hicho chumba siyo chake.

Haya, tupige hesabu kidogo. Chukua mfano wa loji ya kawaida huko Marangu. Ukipiga simu mapokezi unaambiwa chumba elfu 100 kwa usiku na chai juu yao. Wewe unataka kulala siku mbili, yaani laki mbili. Sasa staa amekupa salio la elfu 50. Unafungua aplikesheni, chumba hicho hicho ni elfu 125. Kwa nini kimepanda? Kwa sababu mwenye loji anakatwa kamisheni, na kwa makampuni makubwa asilimia 15 ni kawaida kabisa, kwa hiyo naye anajilinda. Halafu unakuta sharti: salio linatumika ukilala kuanzia siku tatu, unalipa yote mapema, ukighairi hurudishiwi. Siku tatu mara elfu 125 ni 375,000. Toa 50,000, unalipa 325,000. Ulikuja na mpango wa laki mbili, umetoka na laki tatu na ishirini na tano, na bado unamshukuru dada wa kucha. Hapo nani kamlalisha nani bure?

Na hayo ni kwa kampuni ya kweli kabisa, isiyo ya matapeli. Masharti mengine ninayoyaona mara kwa mara ni haya. Ofa nyingine salio linaingia baada ya kulala, kwa hiyo safari hii unalipa bei nzima na "bure" yenyewe unasubirishwa mpaka safari ijayo. Ofa nyingine tarehe za sikukuu hazimo. Nyingine ukighairi unarudishiwa hela uliyoongeza tu, salio limekwenda na maji. Na karibu zote zinataka uache namba za kadi yako ya benki humo ndani, ili ukichelewa kughairi wakukate bila kukuuliza. Yote yameandikwa kwa Kiingereza kirefu na herufi ndogo kama sisimizi. Staa wako hajayasoma. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na kamusi, nimeyasoma.

Sasa kwa nini nalisema hili nikiwa Moshi? Kwa sababu Moshi ina Desemba yake. Kila mtu anajua Wachagga wanarudi nyumbani. Mabasi yanajaa, Rombo, Machame, Kibosho na Marangu kote kunawaka taa. Siku hizi wengi hawalali wote kwa babu, wanatafuta loji ya jirani na kihamba. Miezi miwili mbele ni Kilimanjaro Marathoni, mji unafurika tena. Huo ndo wakati ambao mwenye loji hababaishwi na salio la mtu. Vyumba anavyo vichache, simu inaita, wanaolipa taslimu wamesimama mlangoni.

Fikiria sasa baba anafika saa tatu usiku na watoto wawili wamelala begani, kanyeshewa tangu stendi. Binti wa mapokezi anamwambia, "Shikamoo baba, samahani, jina lako hapa halipo." Anaonyesha skrinishoti. Binti anaiangalia vizuri tu, lakini skrinishoti siyo ufunguo. Baba anapiga namba ya huduma kwa wateja, inajibu mashine. Anamwandikia staa, staa yuko Zanzibar anatangaza mafuta ya nywele.

Msiseme nawatisha. Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza, yenye umri wa miaka 178, ilianguka. Siku chache kabla, iliripotiwa huko Hammamet, Tunisia, wageni walizuiwa kutoka hotelini wakidaiwa walipe tena, kwa sababu hoteli ilihofia haitalipwa na kampuni. Watu walikuwa wameshalipa hela zao halali, siyo salio! Kama mwenye hela kamili alifungiwa geti, wewe mwenye bonasi utasema nini? Na hapa kwetu Novemba mwaka huo huo Jumia ilifunga duka lake la mtandaoni Tanzania. Kampuni kuja na kuondoka ni biashara, sina ugomvi. Ila siku inaondoka, salio la ofa unampelekea nani?

Halafu kuna wale ambao siyo kampuni kabisa. Ni ukurasa na namba ya simu. Hawa wanakupa salio la laki, ila "ulifungue" kwa kutuma elfu 20 kwanza. Jamani, mwaka 2025 si tumeshuhudia LBL? Watu waliweka hela zao, wakawa wanaangalia vipande vya filamu kwenye simu, salio linapanda kila siku, wanafurahi. Kwenda kutoa, hamna. Polisi wakaanza kukamata mawakala mikoani. Namba kupanda kwenye skrini siyo utajiri. Ukiombwa utume hela ili upokee zawadi, zawadi ni wewe.

Najua kuna atakayesema nina wivu, mastaa nao wale. Wale tu! Tangazo ni kazi kama kazi nyingine. Na sikatai, wapo waliotumia ofa wakalala vizuri. Ila mastaa, mambo matatu tu. Semeni mmelipwa. Semeni masharti kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile mliyosemea "bure". Na mtu akikwama mlangoni, pokeeni simu kama mlivyopokea malipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili hiyo. Kuwa na wafuasi wengi hakukutoi kwenye sheria.

Na nyie wadau, kabla ya kubuku fanyeni hivi:

1. Piga simu hotelini, uliza bei ya moja kwa moja. Namba itafute mwenyewe, usitumie aliyoweka staa.
2. Ukishabuku kwa ofa, piga tena hotelini uulize kama jina lako limeingia kwenye kitabu chao.
3. Soma mambo matatu: salio linaisha lini, linahitaji siku ngapi, na ukighairi inakuwaje.
4. Usitume hela kufungua salio. Namba ya tapeli itume kwenda 15040 ya TCRA.
5. Desemba na wakati wa marathoni, bora ulipe nusu kwa mwenye loji na risiti mkononi.

Mkiwapigia hawa wenye loji zetu moja kwa moja, ile asilimia 15 inabaki mlimani. Inanunua maziwa ya mama wa Kibosho, ndizi za Uru, inamlipa yule binti wa mapokezi anayetukanwa kwa ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Dada wa kucha, najua utasoma hii. Siku ukiwa na chumba chako mwenyewe, tugawie. Kwa sasa gawa picha tu.

Wadau, mnasemaje? Aliyewahi kukwama na salio lake aandike hapo chini, ila majina tusitajane.