Gamba Si Nyumba: Kabla Umlete Kobe Mchanga Kwa Bedsita Yako

Kuna kauli moja nimechoka kuisikia: "Kobe ni rahisi kufuga, si anatembea na nyumba yake?"

Zii. Gamba si nyumba. Gamba ni mwili. Uti wa mgongo na mbavu za kobe zimeungana na lile gamba, na ukimgusa pale juu anahisi. Kwa hivyo yule msee anayetoboa gamba ili apitishe kamba anatoboa mfupa wa kiumbe hai. Na yule anayempaka rangi ya kucha ndiyo video ing'ae anamwekea kemikali mwilini. Kobe hana namna ya kupiga nduru, basi tunadhani yuko sawa.

Naongea hii mambo sasa kwa sababu video za kobe wachanga zimeshika kweli kweli. Kobe wa ukubwa wa limau, ngoma tamu nyuma, anakula kipande cha nyanya. Halafu kila mtu anauliza "naweza pata wapi?" Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza "ataishi wapi?"

Msimamo wangu ni huu: nyumba kwanza, kobe baadaye. Na ukipiga hesabu ya hiyo nyumba bila kujidanganya, utaona kwamba kwa wengi wetu hapa Kenya nyumba poa ya kobe ni pale pale porini alipo.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanateleza. Kobe wa Kenya ni mnyamapori. Kuna Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na ukitaka kumfuga mnyama kama huyo lazima uwe na kibali cha KWS. Kumwokota kando ya barabara kule ushago hakumfanyi awe wako. Kumnunua kwa mtu aliyemwokota pia hakumfanyi awe wako. Na usiseme "lakini ni kadogo tu." Mnakumbuka ile kesi ya mchwa... sorry, ya siafu? Si siafu hata, ni chungu wa kawaida, malkia karibu 5,000, waliokamatwa Naivasha Aprili 2025 wakiwa na vijana wawili kutoka Ubelgiji. Mwezi uliofuata mahakama ikawaambia walipe shilingi milioni 1 kila mmoja au wakae ndani miezi 12. Kama chungu wamefikisha watu hapo, kobe je?

Na kuna kobe ambao mambo yao ni mazito zaidi. Yule bapa, anayeishi kwenye nyufa za mawe huku Kenya na Tanzania, mwenye gamba laini lililolala kama chapati, yuko kwenye hatari kubwa ya kutoweka. Moja ya sababu ni watu wa nje kumtaka sana kama mnyama wa nyumbani. Tangu 2019 amewekwa kwenye orodha ya juu kabisa ya mkataba wa CITES, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini.

Sasa tuseme una kibali. Au uko Uingereza au Marekani, na umempata kobe aliyezaliwa kwa mfugaji halali. Nyumba yenyewe inakaaje? Niliacha chuo, lakini hii haihitaji digrii, inahitaji tu usome na usiwe mchoyo. Nitumie mfano wa yule kobe wetu mwenye madoa meusi na manjano, ambaye wengi wanamjua kama leopard tortoise.

Moja, nafasi. Katoni ya viatu si nyumba, ni kifurushi. Kobe mchanga anataka sanduku pana lisilopenya macho, la mbao au plastiki, futi 4 kwa 2 hivi kwa kuanzia. Tangi la samaki la kioo achana nalo. Kobe haelewi kioo, anaona upande wa pili na atasukuma siku nzima akidhani kuna njia.

Mbili, jua. Hapa ndipo kobe wengi wa ndani huharibikia. Bila miale ya UVB mwili wake hautengenezi vitamini D, na bila hiyo hawezi kutumia kalsiamu. Gamba linalainika, mifupa inapinda, miguu inashindwa kumbeba. Na kumweka dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Ni jua lenyewe nje, au taa maalum ya UVB ambayo unaibadilisha kabla hata haijaungua, kwa maana nguvu yake hupungua huku mwanga bado unaonekana.

Tatu, joto. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 32 hadi 35, upande mwingine uwe baridi kiasi, ndiyo achague mwenyewe. Sasa fikiria Nairobi mwezi wa Julai, usiku nyuzi zinashuka hadi 11 hivi. Wewe una blanketi mbili na bado unalia. Kobe hatengenezi joto lake kama wewe. Akikaa kwa baridi na unyevunyevu anapata shida ya mapafu. Tokeni zikiisha saa tano usiku na huna za kuongeza, anayelipa ni yeye.

Nne, maji na udongo. Gazeti au sakafu ya tailizi hapana. Weka udongo uliochanganywa na nyuzi za makumbi ya nazi, ubaki na unyevu kidogo kwa chini. Kobe mchanga akikaa pakavu kila siku, gamba linaota vinundu kama piramidi na haliwezi kunyooka tena. Mpe pa kujificha, hata kipande cha chungu kilichovunjika kinatosha. Muogeshe kwenye maji vuguvugu mara kadhaa kwa wiki, dakika 15 hivi, maji yasipite kidevu chake. Kobe si kasa, anaweza kuzama.

Tano, chakula. Huyu ni mla nyasi. Nyasi, magugu yasiyopuliziwa dawa, majani na maua ya haibiskasi, vipande vya dungusi kakati visivyo na miiba, na unga wa kalsiamu juu yake. Ugali, mkate, maziwa na nyama visahau. Nyanya na ndizi zinapendeza kwa video lakini zinamharibia tumbo. Spinachi kila siku pia ni mbaya, inazuia kalsiamu isiingie mwilini.

Halafu nawa mikono kila ukimshika. Kobe anaweza kubeba salmonela bila kuonekana mgonjwa, na mtoto wa jirani aliyemshika kisha akala chips atakuwa na wiki mbaya sana.

Umemaliza? Bado. Yule wa ukubwa wa limau anaweza kufika kilo 15 na zaidi, na kuishi miaka 50 na zaidi. Futi 4 kwa 2 zitakuwa utani, atataka uwanja wenye nyasi na ua imara. Wewe mwenyewe hujui utaishi ploti gani mwaka ujao. Mwenye nyumba akipandisha kodi unahama na godoro, meko na kobe wa kilo 15?

Najua kuna wa kuniambia, "Lakini nilimpata peke yake, mamake alikuwa amemwacha, nilimwokoa." Pole, mse, lakini hujamwokoa mtu. Mama kobe huchimba shimo, hutaga, hufukia, huenda zake. Watoto hutoka wakijitegemea tangu siku ya kwanza. Kobe mchanga aliye peke yake hajapotea. Yuko nyumbani.

Ukimpata katikati ya barabara, mvushe upande ule ule alikokuwa akielekea, mbebe chini chini na usimzungushe kwa picha. Akiogopa anaweza kukojoa maji yote aliyokuwa ameweka akiba, na huko kwenye ukame hayo maji ndiyo maisha yake. Akiwa ameumia, pigia KWS.

Na kama tayari yuko kwako bila kibali, usiende kumtupa Karura usiku. Kobe aliyefungiwa ndani anaweza kubeba ugonjwa akawapelekea wenzake, na wengine hawawezi tena kujitafutia. Zungumza na KWS wamchukue vizuri. Hiyo simu ni ngumu kupiga, najua, lakini kumwacha alainike gamba kwa katoni ni mbaya zaidi.

Kwa wenzangu wa kontenti: kobe anaweza kutupa hadithi kali bila sisi kumweka mfukoni. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aitwaye Owen aliokolewa kule Malindi, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akajishikamanisha na kobe mkubwa, Mzee. Dunia nzima iliwajua. Mzee alikuwa na uwanja, maji, kivuli, na watu ambao kazi yao ilikuwa kumtunza. Kobe wakubwa bado wako kule. Nenda na simu yako, lipa kiingilio, piga video hadi uchoke, kisha rudi kwa bedsita yako ukiwa peke yako.

Ukishindwa kumjengea nyumba bora kuliko ile aliyozaliwa nayo, mwache kwake.